Ute wa jicho, damu, mkojo au maji ya uti wa mgongo: uchukue kipi kabla ya mazishi?

Lamu na Malindi maiti haikawizwi. Mtu akifariki alfajiri, adhuhuri keshaswaliwa, na kaburi limekuwa tayari kabla daktari hajamaliza kujaza fomu. Anayetaka kujua kilichomuua marehemu kwa njia ya kemia ya mwili ana saa chache tu, chumba chenye joto, na jamaa waliokuja na sanda mkononi. Swali linalowakwamisha madaktari wapya na maafisa wa kliniki wanaoletwa huku ni lile lile: nikiruhusiwa kuchukua kitu kimoja au viwili, nichukue nini? Na jamaa wana lao: ni lazima apasuliwe?

Nawaandikia wote wawili. Mimi ni mtu wa maabara, na katika majimaji yote ya mwili ute wa jicho ndio ninaoupenda zaidi. Nimejitahidi kuyapa mengine haki yake. Msomaji akiona nimezidisha sifa, azipunguze.

Tunalinganisha kwa mambo gani

Moyo ukisimama, chembe za mwili hazisimami nao papo hapo. Zinaendelea kula sukari iliyobaki bila oksijeni, na kinachobaki ni laktati. Nguvu zikiziishia, kuta zake hulegea: potasiamu iliyokuwa ndani huvuja nje, sodiamu na kloridi huingia ndani. Ndiyo maana potasiamu ya damu ya maiti haina maana hata ikipimwa mapema, na sukari ya chini haithibitishi chochote, kwa kuwa sukari ya kila maiti hushuka. Lakini si kila kitu huyumba. Urea na kreatinini, taka ambazo figo huzitoa kwenye damu, hukaa karibu na pale zilipokuwa mtu alipovuta pumzi ya mwisho. Ketoni, asidi ambazo mwili hutengeneza ukichoma mafuta badala ya sukari, huvumilia. Himoglobini iliyoshikana na sukari, ile HbA1c wanayopimwa wagonjwa wa kisukari kliniki, nayo huvumilia.

Kwa hiyo kila majimaji nitayauliza maswali matano: yanajibu nini, yanaharibikaje, yanachotwaje, yanasafirije, na yanamfaa nani. La nne si dogo huku kwetu. Kutoka Malindi hadi Mombasa, kwenye tawi la Mkemia wa Serikali, ni kilomita 120 hivi za lami. Sampuli ya Lamu mjini hupanda boti kwanza hadi Mokowe, ndipo ianze barabara ya Witu na Garsen. Barafu inayotosha safari ya kwanza hailazimiki kutosha ya pili.

Jambo la kuwatuliza jamaa tangu mwanzo: yote manne ninayolinganisha hapa huchukuliwa kwa sindano, bila kupasua. Wazee wetu hukumbushana hadithi inayofananisha kuvunja mfupa wa maiti na kuvunja mfupa wa aliye hai, na ni haki yao kuuliza. Sindano haivunji mfupa. Ila ijulikane pia kwamba kifo chenye utata kikishafika polisi, amri ya uchunguzi hutoka kwa wenye mamlaka, si kwa familia. Idhini ya jamaa ndiyo hutakiwa pale mgonjwa alipofia wodini na daktari anataka tu kuelewa ugonjwa.

Ute wa jicho

*Unajibu nini.* Mengi kuliko udogo wake. Jicho la mtu mzima lina mililita 4 hivi za ute huu mzito, mwingi wake ukiwa maji, na kwa sindano hupatikana mililita 2 hadi 3 kila upande. Ndani yake unapima sukari, ketoni, urea, kreatinini, sodiamu, kloridi, potasiamu na pombe. Sukari ikikutwa juu ya milimoli 10 kwa lita, ujue mtu huyu alikuwa na sukari kubwa sana kabla ya kufa, maana baada ya kifo ilikuwa ikishuka, si kupanda. Sodiamu ikipita 155 na kloridi ikapita 135, kwa kipimo hicho hicho, huku urea nayo imepanda, ni picha ya mtu aliyekaukiwa maji: mtoto aliyeharisha siku nyingi, au bikizee aliyeachwa peke yake bila wa kumpa hata kikombe cha uji. Urea ikipanda sana peke yake, chumvi zikiwa kawaida, angalia figo. Chumvi zikishuka na potasiamu ikawa juu ya 20, hapo unasoma kuoza, usiandike ugonjwa.

Kuna faida nyingine ambayo huku kwetu ina uzito wa pekee. Bakteria wa mwili unaoharibika hutengeneza pombe, hasa palipo na sukari nyingi. Damu ya mgonjwa wa kisukari ambaye maisha yake yote hakugusa mnazi inaweza kutoa majibu yenye pombe, na majibu hayo yakisomwa mbele ya jamaa aibu yake haifutiki upesi. Jicho limejitenga, bakteria hulifikia wakiwa wamechelewa. Pombe ikiwa kwenye damu na jichoni haimo, mwenye akili hataandika kwamba marehemu alikunywa. Kwa hili peke yake ningemshauri daktari yeyote wa Lamu asipeleke damu ya kupimwa pombe bila kuiambatanisha na ute wa jicho.

*Unaharibikaje.* Polepole kuliko damu, lakini unaharibika. Sukari hushuka katika saa za mwanzo. Potasiamu hupanda kadiri saa zinavyopita, na hapo ndipo watu walipotafutia saa ya kifo. Fomula ya Sturner ya mwaka 1963 husema: zidisha potasiamu kwa 7.14, kisha toa 39.1. Ya Madea na wenzake, ya mwaka 1989, huzidisha kwa 5.26 na kutoa 30.9. Chukua potasiamu ya 10 uone: ya kwanza inakupa saa 32, ya pili saa 21 na dakika arubaini hivi. Tofauti ni saa kumi na zaidi, na zote mbili zilitungwa nchi za baridi. Joto huharakisha kupanda kwa potasiamu, kwa hiyo maiti iliyolala chini ya bati Malindi mwezi wa Machi itaonekana imekufa zamani kuliko kweli. Mbele ya hakimu, namba hii ipewe mapana yake.

*Unachotwaje.* Sindano nyembamba huingizwa pembeni mwa jicho, upande wa sikio, ikielekezwa katikati, na ute huvutwa taratibu. Ukivuta kwa pupa unang'oa chembe za retina, utando wa nyuma ya jicho, na potasiamu inapanda kwa uongo. Uvute wote unaotoka, maana wa mbele na wa nyuma hutofautiana. Ukitoka na rangi ya kahawia au ukungu, andika hivyo. Pengine umeshapoteza thamani. Kisha, tafadhali, rudisha maji safi ya chumvi ya hospitali ndani ya jicho. Jamaa watafunua uso kumtazama mara ya mwisho, na jicho lililobonyea halina maelezo yatakayowaridhisha. Kwa mtoto mchanga anayeshukiwa kupigwa au kutikiswa, usiguse jicho kabla mtaalamu hajalichunguza kama kuna damu kwenye retina.

*Unasafirije.* Vizuri, ukigawanywa. Chupa yenye floraidi, ile ya kifuniko cha kijivu, huzuia sukari na pombe kubadilika, kwa hiyo sehemu ya sukari, laktati na pombe iende humo. Ila dawa ya chupa hiyo yenyewe ni chumvi ya sodiamu, mara nyingi na ya potasiamu pia. Ukipima chumvi kutoka humo unapima chupa, si marehemu. Sehemu ya chumvi na urea iende kwenye chupa tupu. Na uwaambie maabara kilichomo, kwa sababu ute huu huziba mirija ya mashine usipozungushwa kwanza kwa kasi ili mzito utengane na mwepesi.

*Unamfaa nani.* Daktari mwenye saa moja tu, familia isiyotaka kupasuliwa, na kifo ambacho hakuna anayejua pa kuanzia. Haumfai anayetafuta kujua sukari iliyoshuka mno: jicho haliwezi kukujibu hilo kwa sukari peke yake.

Damu ya paja

*Inajibu nini.* Historia. Ute wa jicho unakueleza saa za mwisho. HbA1c ya damu inakueleza miezi miwili au mitatu iliyotangulia, yaani kama huyu alikuwa na kisukari ambacho hakuna aliyekijua nyumbani. Damu inakupa pia ketoni, kiwango cha dawa na sumu, alama ya maambukizi makali iitwayo CRP, na triptasi, ambayo hupanda mtu akiuawa na mzio mkali, tuseme wa kuumwa na nyuki au wa dawa aliyochomwa. Ketoni yenyewe ya kutafuta ni betahidroksibutireti. Chini ya milimoli 0.5 kwa lita ni kawaida, ikipita 2.5 ni jambo zito, iwe imetokana na kisukari au na ulevi wa muda mrefu bila kula.

*Inaharibikaje.* Haraka, na vibaya. Chembe nyekundu hupasuka na kumwaga potasiamu. Ini humwaga sukari kwenye mishipa iliyo karibu nalo, hata damu ya upande wa kulia wa moyo ikaonyesha sukari kubwa kwa mtu asiyekuwa na kisukari. Dawa zilizokuwa kwenye ini na mapafu nazo hurudi kwenye damu ya moyo. Hii ndiyo sababu ya kutaja paja: mshipa mkubwa wa kinena uko mbali na fujo hizo. Damu ya moyoni ni rahisi kupata na ni rahisi kupotosha.

Tahadhari ya pwani: himoglobini ya selimundu ipo sana huku. Seli nyekundu zinazokufa mapema, au zilizomwagwa na malaria, hushusha HbA1c, na njia nyingine za kupima huchanganywa na himoglobini ya aina hiyo. HbA1c ndogo kwa mtu wa Kilifi haimwondolei kisukari.

*Inachotwaje.* Sindano kwenye kinena, na mkono wa kukandamiza paja kama haitoki. Watu wengi hufanikiwa.

*Inasafirije.* Kwa barafu, na kwa chupa zaidi ya moja: ya kijivu kwa sukari na pombe, ya zambarau yenye EDTA, dawa inayozuia damu isigande, kwa HbA1c, na tupu ya kuzungushwa kwa vingine. Ikichelewa Mokowe kusubiri gari, triptasi na HbA1c zitavumilia kuliko zote. Na kama mochari imeshamchoma marehemu formalini, dawa ya kuhifadhi maiti, kama inavyofanyika kwa maiti za bara zinazongoja siku kadhaa za maandalizi ya matanga, damu haina kazi tena kwa kemia hii. Jicho haliingiliwi upesi kama damu, kwa hiyo chukua kabla. Ukichelewa, chukua jicho na uandike kwamba dawa ilitangulia.

*Inamfaa nani.* Anayeshuku sumu, dawa, mzio au kisukari kilichojificha. Hawezi kuepuka damu.

Mkojo

*Unajibu nini.* Sukari na ketoni zilizomwagika tangu marehemu alipokojoa mara ya mwisho, pamoja na mabaki ya dawa. Mtu mwenye afya hana sukari kwenye mkojo, kwa hiyo ikikutwa ina maana, ingawa kuna dawa mpya za kisukari zinazoimwaga makusudi. *Unaharibikaje.* Bakteria na hamira hugeuza sukari yake kuwa pombe, hata ndani ya kibofu, na aibu ile niliyoitaja inarudi. *Unachotwaje.* Sindano juu ya kinena, kama kibofu kina kitu. Mara nyingi hakina. *Unasafirije.* Kwa wepesi, na hata kijiti cha kuchovya hutoa jibu papo hapo. Lakini kijiti hicho husoma asetoasetati, ketoni ya aina nyingine, hakisomi betahidroksibutireti, ambayo ndiyo hutawala kwa mgonjwa aliyezidiwa. Kijiti kikisema hakuna ketoni, usifunge faili. *Unamfaa nani.* Kituo kidogo cha afya cha visiwani kisicho na mashine, kinachotaka kujua kama kuna haja ya kuhangaika na boti.

Maji ya uti wa mgongo

*Yanajibu nini.* Sukari pamoja na laktati, urea, kreatinini na ketoni, na juu ya hayo, homa ya uti wa mgongo, ambayo hayo mengine matatu hayawezi kukuonyesha vizuri. Mwaka 1969 Traub alipendekeza kujumlisha sukari na laktati za maji haya, kwa hoja kwamba sukari iliyoliwa baada ya kifo imebaki humo humo ikiwa laktati. Hoja ni nzuri kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba laktati hupanda pia kwa aliyekosa hewa, aliyeshikwa na degedege refu au aliyekuwa na maambukizi makali, na jumla ikawa kubwa bila kisukari. Mimi siandiki kisukari kwa jumla hiyo peke yake.

*Yanaharibikaje.* Yapo mengi, mililita 150 hivi kwa mtu mzima, lakini yamezungukwa na ubongo, kwa hiyo sukari huliwa upesi na potasiamu hupanda kasi kuliko jichoni. Yakichanganyika na damu, hata kidogo, thamani yake hushuka.

*Yanachotwaje.* Hapa ndipo ugumu. Maiti ikishakakamaa mgongo haukunjiki, na wengi huchota nyuma ya shingo, chini ya fuvu, kazi inayotaka mkono uliozoea.

*Yanasafirije.* Kama ute wa jicho, chupa ya kijivu na chupa tupu. Na kama unatafuta vijidudu, sehemu nyingine iwekwe safi kabisa.

*Yanamfaa nani.* Mtoto aliyekufa kwa homa na degedege kabla hajapimwa lolote. Kwa mtu mzima mwenye macho mazima, sioni sababu ya kuanzia hapa.

Maji ya mfuko wa moyo nayataja tu. Ni mililita 50 au pungufu, yanahifadhi vizuri urea na ketoni, na hupimwa troponini, protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia, kwa anayeshuku moyo. Lakini kwa kawaida hupatikana kifua kikishafunguliwa, na basi yapo kwa aliyekubaliwa upasuaji.

Kwa hali yako

Umempata mtu wa makamo kafia kitandani, jamaa wanasema alikuwa akinywa maji sana na kukonda: ute wa jicho kwa sukari na ketoni, damu ya paja kwa HbA1c. Ukipewa ruhusa ya kimoja, chukua jicho, kwa sababu linakueleza kilichomuua. HbA1c inakueleza alichokuwa nacho.

Alikuwa anachoma insulini na unashuku alizidisha: usipoteze muda na sukari. Peleka damu na ute wa jicho kwa maabara inayoweza kupima insulini yenyewe, kukiwa na barafu ya kutosha. Insulini huharibiwa na damu iliyopasuka chembe zake, na jicho huihifadhi vizuri zaidi.

Mnywaji wa mnazi aliyekuwa hali kwa siku kadhaa: betahidroksibutireti kwenye damu au jichoni, pamoja na pombe jichoni. Pombe ya mtu kama huyu inaweza kuwa ndogo au isiwepo, na ketoni zikawa ndizo zilizomuua.

Mvuvi aliyeopolewa baharini: jicho, lakini uliza alikaa majini muda gani. Chumvi za bahari hupanda jichoni kwa aliyekunywa maji akizama, na pia hupenya zenyewe kwa mwili uliolala majini saa nyingi, hata kama mtu alikufa nchi kavu akatupwa. Ikiwa aliopolewa mara moja, sodiamu na kloridi zitakusaidia. Ikiwa aliletwa na maji kesho yake, haziwezi kubeba kesi.

Mtoto aliyeharisha: ute wa jicho, hata kama ni kidogo, uende wote kwenye chupa tupu ya chumvi na urea. Mtoto wa homa: ongeza maji ya uti wa mgongo ukiwa na anayeweza kuyachota.

Aliyeanguka dakika chache baada ya kuumwa na mdudu au kuchomwa sindano: damu ya paja kwa triptasi. Jicho halitakusaidia.

Anayeshukiwa kufa kwa njaa, na maiti ni mpya: jicho kwa ukavu wa maji, damu kwa ketoni. Ketoni za njaa peke yake kwa kawaida hazifiki kiwango cha kisukari kilichozidi, kwa hiyo soma sukari ya jicho pamoja nazo.

Maiti iliyofukuliwa: miili zaidi ya 400 ya msitu wa Shakahola, ya wafuasi wa dhehebu walioambiwa wafunge hadi kufa, iliyoanza kufukuliwa Aprili 2023, ilichunguzwa Malindi, na uchunguzi ulitaja njaa kwa wengi na kunyongwa au kupigwa kwa baadhi. Kwa mwili uliokaa ardhini hivyo, macho yamekwisha kunywea na damu si damu tena. Hapo kemia ya majimaji husogea kando, kazi ikabaki kwa mwanapatholojia anayesoma mifupa, misuli na mafuta yaliyosalia, na kwa maabara ya vinasaba kujua nani ni mtoto wa nani.

Na kama jamaa wamekataa kila kitu, wala kesi haimo mikononi mwa polisi, uliza tu kama kibofu kina mkojo na kama wataridhia sindano moja chini ya kitovu, kabla waoshaji hawajaanza kazi. Wengi waliokataa jicho hawakatai hilo.